Cheti cha Masikio cha Bi Kishindo

Mtaani kwao, mtu akiwa na siri iliyomkaa kooni hakuisemea chumbani wala uani. Chumbani kuta ni nyembamba, na uani kuna jirani anayeanika shuka lile lile tangu asubuhi. Alichukua mahindi yake, hata kama ni kopo moja tu, akaenda kwenye mashine ya kusaga. Pale, katikati ya ngurumo, aliinama karibu na beseni la kumiminia nafaka akaitapika siri yote, na katika foleni nzima hakuna aliyeambulia hata nusu ya neno. Isipokuwa mmoja: mama aliyeshika swichi.

Mama huyo alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba kama mchi, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga tangu zilipokuwa bado nyeusi. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Watu walimwita Bi Kishindo, naye aliitika. Alikuwa ameendesha mashine ile miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kumsikia akisema, “Eti?”

Ungemwambia mkweo kahamia kwako na kitanda chake, angekuelewa. Ungemwambia umempenda mtu usiyepaswa kumpenda, angekuelewa kabla hujamaliza. Majibu aliyatoa kwa mikono, maana sauti asingeweza kuipoteza kutwa nzima. Kiganja kifuani: pole. Vidole kukung'utwa: achana naye. Ngumi ndogo kugongwa juu ya beseni: hapo shikilia, usilegeze. Ndoa kadhaa za mtaa ule ziliponea kwenye ngumi ile, na uchumba mmoja au miwili ulifia kwenye vidole.

“Mimi nina masikio ya popo,” alijisifu. Watu walikubali. Nani abishane na mtu anayejua mambo yake yote?

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kasoro, ila yeye hakuiita kasoro. Aliiita uzee wa mume wake.

Mume wake alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu mpana, mpole, aliyerudi kutoka barabarani miaka sita iliyopita na kuamua kufuga masharubu. Kazini walikuwa wakimkataza, sasa akayaachia. Masharubu yakashuka kama pazia, yakaufunika mdomo wa juu, yakaanza kuuchungulia na wa chini. Tangu hapo, kwa maoni ya Bi Kishindo, mzee alikuwa ameishiwa maneno. Aliguna tu. Kila asubuhi alimsindikiza mkewe hadi mlangoni na pazia lile likatikisika kidogo, likitoa mvumo usio na kichwa wala miguu. Bi Kishindo alikuwa ameshakata shauri kwamba asubuhi mwanamume hana jingine la kuuliza ila chai. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka sita, alimjibu, “Sukari iko kabatini!” akaenda zake.

Mzee alibaki mlangoni akimwangalia mpaka akate kona.

Basi siku moja, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika nje, kamba ya gunia la unga la mwanamke mshona nguo ilinaswa na mkanda wa mashine. Gunia likaanza kutembea. Lilitembea taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayeelekea kukaa, kisha likashika kasi. Mshona nguo, aliyekuwa nyuma ya Bi Kishindo, akapiga ukelele:

“Zima! Bi Kishindo, zima!”

Bi Kishindo, mgongo kwao, alikuwa akipangusa unga kwenye ukingo wa beseni na kuimba kimoyomoyo.

“Zima weee!” foleni nzima ikaitikia.

Akaendelea kupangusa. Alishtuka pale tu alipoinua macho na kumwona mteja wa mbele yake ametumbua macho, mdomo wazi kama mlango wa kabati bovu. Akaruka, akashika swichi. Mashine ikanyamaza. Gunia lilikuwa limeshapasuka, na unga ulikuwa umepaa hadi darini, ukarudi taratibu juu ya kila mtu. Walisimama pale wote weupe, wakikohoa, hakuna anayemtambua mwenzake.

Mmoja wa weupe hao akapangusa uso. Alikuwa mwenye mashine, kijana wa suruali iliyonyooshwa, aliyerithi mali hiyo kwa baba yake, na siku hiyo alikuwa amepita kusalimia tu.

“Shangazi,” alisema. Hakuwa mpwa wake kwa damu, ila alikuwa amekulia miguuni pake, juu ya magunia. “Shangazi, hukusikia?”

“Nilisikia.”

“Ulisikia nini?”

Bi Kishindo akatazama huku na huku. “Nyie mlisema kwa mgongo,” akajibu.

“Aliyetupa mgongo ni wewe, Shangazi!” Kijana akajikung'uta. “Sikiliza. Leo ni gunia. Kesho ni mkono wa mtu. Mtu asiyesikia ‘zima’ hawezi kukabidhiwa swichi. Nenda zahanati, upimwe masikio, uniletee cheti kabla ya Ijumaa. Ukileta, kazi ni yako mpaka uichoke mwenyewe. Usipoleta, nitamweka binamu yangu.”

“Binamu yako anayeogopa jogoo?”

“Ndiye huyo huyo.”

Foleni ikacheka, lakini kicheko cha Bi Kishindo kiliishia kwenye meno. Usiku hakula vizuri. Hakuwa na watoto wa kulea tena, na nyumba ilikuwa na dereva mmoja asiyesema. Wakimtoa mashineni, nani atamwambia kitu tena duniani?

Jumanne alikwenda. Mpima masikio alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa na barakoa, mwenye adabu hadi kwenye viatu. Alimwingiza kwenye chumba kidogo kilichovikwa sponji kuta zote, mlango mnene kama wa jokofu, akaufunga.

Kimya.

Bi Kishindo hakuwa amekutana na kimya cha namna ile tangu ujana wake. Alisikia, au alihisi, tumbo lake likijadiliana na uji wa asubuhi. Binti akaweka kiti nyuma yake, kisha akamwinamia usoni na karatasi, barakoa ikiwa kidevuni.

“Mama, nitasoma sentensi ishirini. Wewe rudia kila moja kama ulivyoisikia. Tuko pamoja?”

“Hebu kaa mbele, mwanangu, tuonane.”

“Hapana, mama. Tunapima masikio, siyo macho.” Akapandisha barakoa, akakaa nyuma, akasoma.

Bi Kishindo akaupata mwanzo kama kivuli na mwisho kama mkia. Akafikiri kidogo, akajibu kwa uhakika: “Fundi anapaka rangi mlango.”

Binti akachungulia ubavuni pake, akashusha barakoa: “Nimesema, ‘Ngamia anapiga pasi mlango.’”

Bi Kishindo akageuka mzimamzima kwenye kiti. “Nani anafanya hivyo?”

“Hakuna, mama. Ni sentensi tu. Zimetungwa makusudi bila maana, ili mtu asibahatishe.”

“Mwanangu, miaka ishirini na sita watu wananiletea maneno, na hakuna hata mmoja aliyeniletea ngamia na pasi. Mimi nikisikia mlango, nafikiria anayeweza kuwa na kazi na mlango. Wewe hufanyi hivyo?”

“Nafanya,” binti alikiri. “Sote tunafanya. Lakini leo nataka kujua kama sikio linaweza kusimama peke yake.”

Halikuweza. Katika sentensi ishirini, Bi Kishindo alipata saba. Zilizobaki alizitengeneza upya zote, na ukweli ni kwamba zake zilikuwa nzuri zaidi. Yai lililofundisha hesabu alilifanya mwalimu. Mawingu yaliyovaa viatu aliyafanya wanafunzi. Binti aliandika huku mabega yakimtikisika, kisha akavua barakoa, akakaa mbele yake kwa huzuni ya kweli.

“Mama yangu, siwezi kukuandikia cheti cha kuwa unasikia.”

“Si hivi sasa nakusikia? Neno kwa neno!”

“Sasa unaniona.”

Bi Kishindo akanyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri. “Umempima samaki juu ya meza,” alisema. “Njoo kazini kwangu. Njoo na karatasi yako na ngamia wako. Wasomee wote, uone nani kiziwi.”

Labda binti alimwonea huruma, labda alikuwa na hamu ya kujua. Alhamisi saa tano alifika na kifaa kidogo mkononi cha kupimia kelele. Mashine ilipowashwa, akakitazama kile kifaa, akakitingisha kama kimeingiwa na dudu, akakitazama tena. Akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

“Anasema ni kubwa mno, hata haifai kwa binadamu,” Bi Kishindo akatafsiri kwa mikono.

Pale pale, mbele ya foleni, binti akasimama karibu na beseni, uso kwa uso na Bi Kishindo, barakoa mfukoni, akasoma sentensi ishirini mpya. Baada ya kila moja mashine ilizimwa ili kila mtu aseme alichosikia. Mwenye mashine naye alishiriki, kwa kuwa alijiamini. Alipata nne. Mshona nguo akapata sita, na mbili kati ya hizo aliziiba mdomoni mwa Bi Kishindo. Bi Kishindo alipata kumi na saba, pamoja na kuku aliyeazima gazeti.

Foleni ikampigia makofi. Mtu mmoja akaenda hadi kwa mwenye mashine, akamwambia sikioni, kwa sauti ya kuigiza, “Umesikia, mjomba, au tukuandikie?”

“Cheti!” akasema Bi Kishindo, akanyoosha mkono.

“Bado jaribio moja, mama,” binti akasema. “Washa.”

Mashine ikanguruma. Binti akazunguka nyuma yake, hatua mbili tu, akasoma sentensi kumi nyingine. Bi Kishindo akasubiri. Binti akasoma tena, akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Bi Kishindo bado anasubiri, ametabasamu, ameweka kichwa upande kama kuku anayengojea mtama. Foleni ikaacha kucheka. Mwishowe binti akamgusa bega.

“Haya, anza,” akasema Bi Kishindo.

“Nimemaliza, mama. Zote kumi.”

Bi Kishindo aliwatazama watu mmoja mmoja. Hakuna uso uliomdanganya, na nyuso ndizo alizojua kuzisoma. Akanyoosha mkono taratibu, akazima mashine mwenyewe.

“Kumbe,” alisema.

Akakaa juu ya gunia. Mshona nguo akakaa kando yake, akamshika goti, na binti akachuchumaa mbele yao ili aonekane.

“Mama, masikio yako yalianza kustaafu zamani, bila kukuaga. Sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, zile zinazotenganisha neno na neno. Sikio siku hizi linakuletea vipande tu.” Akamtazama mshona nguo, akaokota wazo. “Kama mabaki ya vitambaa. Kipande kinatoka sikioni, kipande kinatoka kwenye midomo ya mtu, kingine kwenye macho na mabega yake. Kichwa chako kinakaa katikati kama fundi, kinajua mtu huyu ni nani, ana shida gani, leo amekuja na sura gani, kinashona vyote vikawa nguo. Kinashona haraka hata wewe hujui kama kuna mshono. Ndiyo maana kelele hazikukushinda. Lakini ukipewa mgongo, fundi hana kitambaa.”

“Ndiyo maana jioni nachoka kama niliyebeba magunia,” Bi Kishindo akasema polepole, “na magunia hubebwa na wateja wenyewe.”

“Kichwa kinafanya zamu mbili, mama.”

Halafu binti akasimama na kumgeukia mwenye mashine, na adabu ya viatuni ikapungua kidogo. “Na wewe, kaka, vifuniko vyake vya masikio viko wapi?”

“Vifuniko gani?”

“Vya kumkinga. Miaka ishirini na sita. Haya masikio hakuyapoteza yeye.”

Mwenye mashine akatazama suruali yake. Hakupata msaada humo.

“Sawa, vifuniko nitaleta,” alisema mwishowe. “Lakini dada, hata hivyo, ‘zima’ itamfikiaje? Sina ugomvi na Shangazi. Ningekuwa na ugomvi naye nisingekuwa na pa kupeleka mambo yangu.” Foleni ikamtazama kwa hamu, akakohoa. “Nasema tu, mkono wa mtu ukinaswa, atajuaje?”

Swali lilikuwa la haki. Hata Bi Kishindo aliliona hivyo, na hilo ndilo lililomuuma. Alianza kutoa ufunguo wa mlango wa mashine kwenye pindo la kanga.

Wakati huo mume wake alikuwa ameshaingia. Habari zilimkuta kibarazani, akaja kwa miguu na ndala mbili zisizofanana. Akasimama mbele ya mkewe. Masharubu yakatikisika.

“Sukari iko kabatini,” Bi Kishindo akamjibu kwa unyonge.

Masharubu yakatikisika tena, kwa juhudi.

“Anasema usitoe ufunguo,” mshona nguo akatafsiri.

Bi Kishindo akamtazama mshona nguo, akamtazama mume wake. “Wewe unamwelewa huyu?”

“Mbona anasema vizuri tu, shoga? Ana sauti ya chini, basi.”

Binti akarekebisha miwani. “Samahani, baba. Hayo masharubu umeyafuga tangu lini?”

“Tangu nistaafu,” mzee akasema. “Miaka sita.”

“Na nyumbani, mama aliacha kukujibu vizuri tangu lini?”

Mzee akafungua mdomo, kama ulikuwepo. Foleni nzima, wanawake kwa wanaume, ikageuza macho ikayatazama yale masharubu kama mtuhumiwa aliyekutwa na kuku kwapani. Mzee akayashika kwa mkono. Akageuka, akatoka.

“Mmemkasirisha,” akasema mwenye mashine.

“Hebu niacheni na ufunguo wangu,” akasema Bi Kishindo, lakini hakuutoa. Aliushika tu.

Ilipita nusu saa. Wateja hawakuondoka, aliyeondoka angekosa mwisho. Mzee aliporudi, watu walimtambua kwa ndala. Juu ya mdomo wake kulikuwa na ngozi laini, ya rangi hafifu kuliko sehemu nyingine ya uso, yenye mikwaruzo miwili ya haraka. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akalifungua. Ulikuwa mkono wa chuma, na mwishoni mwake kioo kirefu cha pembeni cha lori, kile alichopewa na wenzake siku anastaafu, ambacho miaka yote sita kililala chini ya kitanda kama mtoto mgonjwa.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alipanda juu ya gunia, akafunga ule mkono wa chuma kwa waya kwenye nguzo mbele ya beseni, akarudi kusimama alipokuwa akisimama mkewe, akainama kidogo ili awe kimo chake, akapanda tena akakisogeza kioo kwa upana wa unywele mmoja.

“Miaka thelathini,” akamwambia mwenye mashine, “nimeendesha gari refu kama mtaa huu. Sikuwahi kugeuza shingo, na sikuwahi kumgonga hata bata. Washa.”

Bi Kishindo akawasha. Ndani ya kioo, nyuma yake, aliuona ulimwengu ambao hakuwahi kuujua: mkanda, magunia, foleni, mtu mmoja anayejikuna akidhani haonekani. Mwenye mashine akaenda hadi mwisho wa chumba, nyuma kabisa, akageukia kioo. Hakupiga kelele. Alinong'ona, kwa midomo tu: “Zima.”

Mashine ikazimika kabla hajaufunga mdomo.

Akajaribu tena kutoka upande wa mlango. Ikazimika. Mshona nguo akajaribu akiwa amejificha nusu nyuma ya mzigo. Ikazimika. Mtu mmoja wa foleni akajaribu kusema jambo jingine lisilosemeka mbele za watu, na Bi Kishindo akageuka akamtishia na ufagio.

Binti mpima masikio akaomba meza, akapewa mgongo wa gunia. Akaandika cheti, akapiga muhuri, akakisoma kwa sauti: “Mtajwa hasikii vya kutosha kwa masikio. Atafungiwa kifaa cha kusaidia kusikia mwezi ujao. Kwa sasa anasikia kwa macho na kwa akili, kuliko yeyote aliyepimwa siku hiyo. Anafaa kushika swichi, mradi kioo kiwepo, kisafishwe unga kila baada ya kusaga, na vifuniko viletwe kesho.”

“Nimeshaona vyeti vingi,” akasema mwenye mashine, “lakini hiki hata kufungiwa fremu kinastahili.” Akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati. “Shangazi, rudisha ufunguo wako kwenye kanga.”

Foleni ikasogea. Ijumaa vifuniko vikaja, vikubwa, vyekundu, vikamfanya Bi Kishindo aonekane kama rubani wa ndege ya unga. Akavivaa. Kishindo chote kikaenda mbali, kikawa kama mvua juu ya bati la nyumba ya jirani, na bado aliendelea kuelewa kila alichoambiwa, sasa hata na wale wa nyuma, ambao siku hiyo hiyo walijifunza kuziba midomo kwa viganja.

Adhuhuri mume wake, aliyeachwa amelala asubuhi hiyo, alikuja. Alisimama nyuma, katikati ya wenye magunia, akamtafuta mkewe kwenye kioo kama alivyokuwa akiitafuta barabara. Macho yakakutana. Mdomo wake mpya ukasema, bila haraka, kila neno na umbo lake:

“Nenda salama, mwenzangu. Rudi mapema.”

Bi Kishindo akaganda na kopo mkononi. Aliujua urefu wa maneno yale. Aliujua mwendo wake, pale yanapopanda na pale yanapotua. Ulikuwa ndio ule mvumo wa mlangoni, wa kila asubuhi, asubuhi za miaka sita.

“Amesemaje?” mshona nguo akauliza, kwa midomo, macho yakimtoka. “Amesemaje, shoga?”

Bi Kishindo akamkung'utia vidole: achana nasi. Halafu akamtazama mzee wake ndani ya kioo, akakaza midomo isitetemeke ili naye aweze kusoma, akamjibu kama alivyomjibu siku zote, maana kwa muda ule hakupata jingine zuri zaidi:

“Sukari iko kabatini.”

Mzee akacheka hadi mabega yakaruka. Kilikuwa na meno mawili pungufu, kile kicheko. Bi Kishindo hakuwa amekiona tangu lori liliposimama.